Uzito wa Yankho

Kofi lilimkuta Khumbize angali ameinama juu ya mizani, kiganja kimekinga kichwa cha mwanawe.

"Elfu moja na themanini," alisema Sista Nachisale. "Jana gramu elfu moja na tisini. Maziwa unamwaga wapi, wewe?"

"Simwagi, Sista. Anapewa yote kwa mrija."

Kofi la pili lilikuja na pete, likamchana mdomo. Wamama kumi na mmoja wa wadi ya watoto njiti, kila mmoja na mwanawe amemfunga kifuani kwa kitambaa cha chitenje, walitazama sakafu. Sista ndiye muuguzi mkuu wa wadi. Ndiye aliyeamua nani apate kitanda na nani alale chini.

"Kuchuma chai mnajua, kuzaa hamjui. Wiki ya ishirini na tisa mtoto katoka. Mwanamke gani wewe?"

Khumbize alimeza damu. Yankho alitoka wiki hiyo kwa sababu msimamizi wa shamba la chai alimpiga Khumbize teke la ubavu alipomkuta ameketi kando ya kikapu. Hilo halikuandikwa popote.

Mchana, Limbani, tabibu aliyekuwa bado mafunzoni, alimsimamisha karibu na sinki.

"Mama, usijilaumu. Majibu ya damu yamerudi. Mtoto ana maambukizi, mwili mzima unawaka kwa ndani. Kuna vichocheo vinavyoiamuru mifupa irefuke na nyama zijae. Moto ule ukiwaka, ini linapunguza kuvitengeneza. Hata umpe ndoo nzima ya maziwa, hakui. Chakula chote kinaishia vitani."

"Ugonjwa umeingilia wapi?"

Limbani aliangalia beseni ndani ya sinki. Mirija ya kulishia ilielea kwenye maji ya kijivu, ikingoja kurudishwa puani mwa watoto. Mmoja ulikuwa umetolewa asubuhi ile kwa mtoto aliyekufa.

"Na mipya? Si tuliona maboksi yakishushwa?"

"Fomu yangu ya kumaliza mafunzo anaisaini Sista," alisema, akaenda zake.

Khumbize alimlaza Yankho kitandani, akang'oa chuma cha kutundikia dripu, akaenda moja kwa moja kwenye kabati la stoo. Kufuli liliachia kwa pigo la tatu. Maboksi ya mirija yalikuwa yamepangwa hadi juu, na kila moja limeandikwa kwa kalamu nene jina la kliniki binafsi ya Sista, ile ya barabara ya sokoni. Alichana moja, akakumbatia mirija kwa mikono yote miwili.

Rungu la mlinzi wa mlangoni lilitua kwenye kifundo cha mkono. Mfupa ulilia. Akamuuma mlinzi mkononi, akang'ang'ania na meno mpaka yule mtu akapiga yowe na kumshindilia rungu mgongoni, tena, na tena. Alipoanguka, Eneless wa kitanda cha jirani alikuja akamkalia miguu.

"Tulia, dada," alimnong'oneza huku analia. "Wangu yuko kwenye oksijeni. Sista akiizima, nitafanyaje? Tulia tu."

Sista alimkanyaga vidole, kimoja baada ya kingine, mpaka vikaachia.

"Mwizi wa mali ya serikali," alisema, wala hakupandisha sauti.

Hawakumfukuza, mtoto alihitaji maziwa yake. Mkono ulifungwa kwa kipande cha boksi na kitambaa. Mirija ya beseni iliendelea kutumika.

Siku ya tatu mizani ilisoma elfu moja mia mbili na kumi.

"Mnaona?" Sista aliwageukia wamama. "Mkinyooshwa, watoto wananenepa."

Khumbize aliubonyeza mguu wa Yankho kwa kidole gumba. Ngozi, iliyokuwa imetuna na kung'aa, ilibonyea, ikabaki na shimo.

"Dokta, hii ni nyama?"

"Maji," Limbani alijibu chinichini. "Mwili umeanza kushindwa." Kisha akaweka rula kwenye karatasi ya uzito, akachora mstari unaopanda.

Sista aliichukua karatasi, akaibandika mlangoni ili wengine wapate mfano. Khumbize akabonyeza mguu wa pili; nao ukabaki na shimo.