Fungu la Moshi la Seline

Seline alipoacha kuwasha jiko, majirani wake wa mtaa wa Gatwekera, Nairobi, walishtuka, maana mama anayependa chai kama yule hazimi makaa bure. Alikuwa anamwekea bintiye moshi.

Usicheke kwanza. Daisy, kitinda mimba wake, alikwenda Ujerumani kusoma, akapata kazi hukohuko, na tangu aondoke hajarudi hata mara moja. Sababu? Ati ndege inatoa moshi mwingi. Alimweleza mamake kwenye simu: lawama ya kuchafua hewa isigawiwe nchi, igawiwe watu. Kila binadamu awe na fungu lake la moshi, tajiri wa Nairobi sawa na tajiri wa Berlin, na atakayelipita aone haya. Yeye hatalipita lake.

Seline alifikiri, akaona mwanya. Kama kila mtu ana fungu, basi hata yeye analo! Gari hana, na ndege huziona matumbo tu zikipita juu ya mabati. Akijibana kidogo, atabakisha la kumpa mtoto. Ndipo akaacha jiko, akaacha na kupanda matatu, akawa anakwenda Kawangware kwa miguu kufulia watu nguo, na jioni ananunua githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kwa jirani yake Kamene.

"Kwani githeri yangu inaivia kwa jua?" Kamene alimuuliza. "Si ni makaa tu!"

"Hayo ni yako. Usinihesabie."

Mama wa watu! Hamu ya yule mtoto ilimla kweli. Akipita mtaani Makina akaona msichana mwenye mwendo wa Daisy, anaharakisha, anamfikia, kumbe siye. Anarudi na aibu yake, macho yamejaa machozi.

Jumapili Daisy alipiga simu ya video. "Mama, mbona jiko liko baridi? Unaumwa?"

"Nakuwekea fungu langu. Lichukue, upande ndege."

Daisy alijifunika uso. "Mama, haiendi hivyo. Washa jiko, tafadhali."

Hasira zikampanda Seline. Huyu amesoma mpaka akasahau kwao! Wao ni Wajaluo, na Mjaluo anaweza kukosa harusi, anaweza kukosa Krismasi, lakini mazishi ya mamake hakosi.

"Nikifa, utakuja kunizika?"

"Usiongee hivyo, Mama."

"Nijibu."

"Nitakuja."

"Kwa miguu?"

"Kwa ndege, Mama."

"Basi ndege hiyo naitaka sasa, ningali na macho ya kukuona. Siku ya kufa kwangu baki hukohuko, nimekusamehe. Kamene atanizika."

Daisy aliangua kilio. Seline hakumbembeleza. Alilivuta jiko mbele ya simu, akatia makaa, akashika kiberiti.

"Niambie," alisema, "chai yako niipike lini?"

"Krismasi, Mama. Nakuja Krismasi."

Seline akawasha jiko.