Ngazi za Mlango wa Mbele

Generosa alikuwa amefika kidato cha mia mbili na kumi, na chaki ilikuwa imebaki kipande kidogo kama kidole cha mtoto. Kila baada ya vidato kumi aliinama, akachora mstari mfupi upande wa ukutani, kisha akaandika tarakimu kwenye fomu. Mistari ya mwezi uliopita alikuwa ameshaifuta. Fomu ilikuwa ya usalama wa jengo, nayo ilitaka kujua mambo mawili tu: ngazi za mlango wa mbele zina vidato vingapi, na kama kuna kilicholegea. Hakukuwa na kilicholegea. Vidato vipya vilikuwa imara kuliko vya zamani.

Séraphin, mtunza jengo, Mkongo wa Bukavu, alikuwa akishuka na mashine ya kufyonza vumbi begani.

"Mama Generosa, leo iko ngapi?"

"Sijafika juu. Mwezi uliopita vilikuwa mia nne ishirini na tano."

"Itapita. Miye nasikia ku magoti," alisema, akaendelea kushuka.

Jengo la halmashauri lilijengwa likiwa na vidato ishirini na viwili kutoka mapokezi hadi ukumbi wa mikutano. Kwa nje halijarefuka hata inchi moja. Lakini kila jambo linapoahirishwa ukumbini, kidato kimoja huongezeka juu kabisa, chini ya mlango wa ukumbi. Asubuhi huwa kipo tayari, na zulia lake na ukingo wake wa shaba. Idara ya majengo iliwahi kuandika ripoti kuhusu suala hilo. Ripoti iliahirishwa. Lifti inafanya kazi vizuri, ila milango yake hufunguka mbele ya ukuta, kwa sababu inakwenda pale ghorofa ya kwanza ilipokuwa zamani.

Madiwani na wafanyakazi hupita mlango wa nyuma, kutoka maegesho ya magari, kwa kadi. Kutoka hapo hadi ukumbini ni hatua tisa. Wananchi hawaruhusiwi kupita huko, na si kwa ubaya. Katiba ya halmashauri iliandikwa na watu wa zamani waliotaka kuuheshimu umma, na kifungu chake cha kumi na saba kinasema kwamba umma utaingia kwa mlango wa mbele.

Generosa alikuwa karani wa vikao kwa mwaka wa kumi na moja. Alikuja London kutoka Bukoba kutunza wazee, akajifunza kazi ya ukarani jioni kwa jioni, kutoka vitabu vya maktaba ya Kilburn. Hakuwa mwepesi wa kulaumu. Alipoona jambo halimpendezi aliliandika kama lilivyo, akaweka tarehe.

Kwenye kidato cha mia tatu na themanini, ngazi zinapokata kona na sakafu kuwa pana kidogo, alivua viatu, maana hapo pametandikwa mkeka.

"Shikamoo, Bi Ummukulthum."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kwanza. Umeshahesabu sana, hivyo vidato havikimbii."

Bi Ummukulthum alikuwa Mpemba wa miaka sabini na saba, mfupi, kanga begani, fimbo ya hospitali ukutani. Alikuwa akiishi kidato cha mia tatu na themanini tangu mwezi wa tisa. Pembeni yake, kwenye kiti cha kukunja, mumewe Mzee Matar alikuwa akisikiliza redio kwa sauti ya chini.

Walikuwa na fleti Kilburn, nyuma ya maduka, yenye ukuta mmoja unaotoa maji kiangazi na masika. Kuvu jeusi lilipanda kutoka sakafuni, likapita kitanda, likafika kwenye kifua cha Mzee Matar. Mwenye nyumba alipaka rangi nyeupe. Kuvu lilisubiri wiki mbili, likarudi. Basi Bi Ummukulthum akaleta ombi: halmashauri itunge sheria ndogo, kwamba asiruhusiwe mtu kupangisha nyumba mtaani hapo mpaka apate leseni, na asipate leseni mpaka ukuta wake ukauke. Ombi lilikubaliwa kuingia kwenye ajenda. Kilichobaki ni mwenye ombi kusimama ukumbini na kulisema kwa dakika tatu.

Mara ya kwanza alifika. Hiyo ilikuwa miaka mitatu nyuma, vidato vikiwa hamsini na nane, na magoti yake yakiwa bado yanamtii. Alikaa kwenye viti vya wananchi kwa saa mbili na mkoba mapajani. Zamu yake ilipofika, mwenyekiti, Diwani Vinod, alitazama saa, kisha akavua miwani na kumwambia kwa Kiswahili, kwa kuwa alizaliwa Mwanza na hajakisahau: "Mama, nakuomba radhi sana. Tumechelewa. Ungekuwa na neno tukikusikiliza mwezi ujao?"

Bi Ummukulthum akajibu, "Hakuna neno, mwanangu. Nyinyi mna kazi nyingi."

Generosa aliandika: Mkazi aliulizwa. Mkazi hana pingamizi kusubiri. Wakati wa kutoka alimshika mkono mpaka mlangoni, akamwambia, "Usijali, Bibi. Halijakataliwa, limeahirishwa tu." Nyumbani kwao Bukoba watu wa ofisini walisema hivyohivyo, na yeye alikuwa amelichukua neno hilo kama mtu anavyochukua mwavuli bila kufikiri.

Tangu siku hiyo sentensi yake ilihamishwa kutoka kumbukumbu moja hadi nyingine. Mkazi hana pingamizi kusubiri. Kila mwenyekiti alipotaka kuahirisha, aliikuta hapo, safi, ina tarehe na saini.

"Mzee kifua vipi?" Generosa aliuliza sasa, akikaa ukingoni mwa mkeka.

"Muulize mwenyewe, yupo hapa."

Mzee Matar alipunguza redio. "Hapa pakavu," alisema. "Daktari kanambia mapafu yamerudi nyuma miaka miwili. Kaniuliza, umehamia wapi? Nikamwambia, ngazini. Akaandika."

"Aliandika 'ngazini'?"

"Kaandika. Akaniuliza namba."

Bi Ummukulthum alicheka mpaka fimbo ikaanguka. Kisha akainua macho kwenye kamba.

Kamba nyekundu ilifungwa juu ya mkeka wao, kwa sababu za usalama, na hufunguliwa nusu saa kabla ya mkutano. Mkutano huanza saa kumi na mbili jioni, na saa kumi na mbili kamili mlango wa ukumbi hufungwa. Siku ya kwanza ya Bi Ummukulthum kulala pale vilikuwa vimebaki vidato thelathini na sita juu ya kamba. Kwa magoti yake, alihitaji dakika thelathini na tatu. Mara moja Séraphin alifungua kamba dakika kumi mapema; ikafungwa tena palepale, naye akapewa barua ya onyo. Hakuna aliyewaza kumfukuza mama huyo. Mwanasheria wa halmashauri alitoa maoni kwamba mtu aliye njiani kwenda mkutanoni ni mhudhuriaji, hata kama njia imechukua miezi, na Generosa alikuwa akimwandika kila mara chini ya Waliohudhuria.

"Nina kadi ya mlango wa nyuma," Generosa alisema. Alikuwa ameshawahi kusema hivyo mara nne. "Hatua tisa tu, Bibi."

"Mwanangu, mimi na huyu bwana tuliondoka Pemba kwa mlango wa nyuma, na viatu mkononi. Nikaingia nchi hii kwa mlango wa nyuma. Hapa wameniandikia wenyewe katika katiba yao kwamba mimi ni wa mlango wa mbele. Nije nijipenyeze?"

Generosa alitoa karatasi mkobani.

"Jumatano kuna mambo matatu yanayokuhusu. Sheria ndogo. Halafu lile badiliko uliloomba la kifungu cha kumi na saba, kwamba umma uingie kwa mlango wowote. La tatu ni langu. Nimeomba ile sentensi isahihishwe."

"Sentensi gani?"

"Kwamba huna pingamizi."

Bi Ummukulthum aliiokota ile fimbo. "Lakini nilisema hakuna neno."

"Ulisema. Ulikuwa unalo?"

"Nilikuwa nalo, we! Mume wangu alikuwa hapumui." Alivuta kanga. "Lakini mtu kavua miwani, kaniita mama, kaniomba radhi. Ningemjibu nini?"

"Hiyo ndiyo ninayotaka iandikwe. Ila na masahihisho ni jambo kama mambo mengine. Likiahirishwa, litaleta kidato chake."

"Iandike," alisema Bi Ummukulthum. "Nitakikanyaga."

Generosa alivaa viatu, Séraphin, aliyekuwa amepanda tena, akamfungulia kamba, akamaliza kuhesabu. Vilikuwa mia nne thelathini na moja. Vya juu ya kamba vilikuwa hamsini na kimoja.

Jumatano, saa kumi na moja na nusu, kamba ilifunguliwa. Bi Ummukulthum alikuwa amesimama tayari, amevaa baibui la kutokea. Mzee Matar alimhesabia dakika kwa saa ya mkononi kutoka kitini.

Ukumbini, halmashauri ilipitisha rangi mpya ya mapipa ya taka na majina ya vichochoro viwili. Ilipofika jambo la saba, Diwani Vinod aliuliza kama mkazi yupo.

"Yupo njiani, mheshimiwa," alisema Generosa.

Saa ilikuwa kumi na mbili na dakika kumi na mbili. Nje ya mlango ilisikika fimbo: kidato, pumziko, kidato. Madiwani waliisikia. Mmoja alisogeza bilauri yake ya maji.

"Nasikia," alisema Diwani Vinod. "Lakini mlango umefungwa kwa mujibu wa kanuni, na tukiufungua leo tutaufungua kila siku. Kumbukumbu zinasema nini?"

Generosa aliitazama sentensi yake. "Zinasema mkazi hana pingamizi kusubiri. Ila jambo la tisa ni kusahihisha hiyo."

"Na la tisa linahitaji mkazi mwenyewe awepo?"

"Linahitaji."

Diwani Vinod alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Kila Jumapili, akitoka hekalu la Kihindu la Neasden, alipitia ngazini na boksi la peremende kwa Mzee Matar, akakaa mkekani kunywa kahawa, na Bi Ummukulthum akamweleza habari ya ukuta tangu mwanzo hadi mwisho. Alikuwa ameisikia mara nyingi kuliko diwani yeyote. Lakini yasemwayo ngazini hayaingii kwenye kumbukumbu.

Aliahirisha jambo la saba. Aliahirisha la nane, kwa kuwa katiba haibadilishwi bila aliyeomba badiliko kusikilizwa ndani ya ukumbi. Kisha la tisa. Fimbo ikagonga mlango mara mbili, kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani. Hakuna aliyesema karibu. Baadaye ikasikika ikishuka.

Asubuhi vidato vilikuwa mia nne thelathini na vinne. Ndivyo Generosa alivyokadiria, lakini fomu haikubali makadirio, kwa hiyo baada ya chakula cha mchana alianza tena kutoka chini na chaki mpya.

Kwenye kidato cha sitini Séraphin alimwonyesha barua iliyofika kutoka idara ya makazi. Juu iliandikwa: Wakazi, Kidato cha 380. Ndani ilisema kwamba, kwa mujibu wa daktari, Mzee Matar sasa anaishi mahali pakavu, na idara inampongeza. Jalada la malalamiko ya unyevu limefungwa. Fleti yao imeshapangishwa kwa wengine.

"Niwapelekee?" aliuliza Séraphin.

"Wapelekee. Na maji ya chai."

Alikuwa kwenye kidato cha tisini aliposikia mtu akikohoa chini. Kilikuwa kikohozi kidogo mno kuwa cha mtu mzima. Aliangalia chini, akamwona mwanamke kijana wa mtandio wa kijani, mtoto mchanga kifuani, fomu ya kuomba kusikilizwa mkononi.

"Samahani, dada," alisema yule mwanamke. Lafudhi yake ilikuwa ya Unguja mjini. "Naitwa Ibtisam. Ndo kwanza tumehamia nyuma ya maduka pale. Kuna ukuta… Nimeambiwa nilete hii, mwezi ujao nije kusema. Ukumbi ni mbali?"

Generosa aliteremka vidato vyote tisini, akachukua fomu, akaisoma. Anwani aliijua kwa moyo. Neno lake la zamani lilimjia mdomoni, lile la kwamba jambo halijakataliwa. Alilimeza.

"Vidato mia nne thelathini na vinne," alisema. "Wewe bado kijana, utafika. Ukifika, kuna mzee mmoja mzuri sana atavua miwani, atakuomba radhi, atakuuliza kama una neno ukisubiri. Mwambie unalo."

Ibtisam alimtazama. Mtoto alikohoa, mama yake akamhamishia bega la pili.

"Nimwambieje hivyo mtu mzima, dada? Na kaniomba radhi?"

Generosa aligonga muhuri wa kupokelewa, akaweka tarehe.

Kengele ya kufunga jengo ililia akiwa amerudi na kufika kidato cha mia moja na arobaini. Mezani kwake kumbukumbu za jana zilikuwa zimebaki mstari mmoja, wenye neno Mkazi, na nafasi tupu mbele yake, pale ile sentensi ilipokuwa ikinakiliwa kila mara. Kutoka juu ilisikika redio ya Mzee Matar, na vikombe. Alichora mstari ukutani, mrefu kidogo kuliko mingine, ili kesho apaone pa kuanzia.