Tuta la Mama Wema

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Mama Wema alisimama kando ya lami iendayo Isaka, kamshika binti yake mkono, wakahesabu malori. Siku hiyo yalipita kumi na tisa ndipo wakapata upenyo wa kukimbia. Wema alikuwa darasa la kwanza, na shule iko ng'ambo. Kibao cha hamsini kilikuwepo, ila madereva walikipita na mia yao, wala hakiwahusu. Mwaka jana barabara ilichukua mbuzi wanne na goti la mwenyekiti wa kitongoji, mzee Masalu. Basi kila asubuhi Mama Wema alivuka roho mkononi.

Masalu ndiye aliyeandika barua: "Tunaomba tuta." Huko wilayani ikapigwa danadana, meza hadi meza, ikaangukia idara ya kilimo. Wiki ya tatu bibi shamba, Asteria, akafika na pikipiki na fungu la marando ya viazi vitamu.

"Mliomba tuta moja tu," alisema. "Dogo, ila kazi ni kazi."

Mama Wema si mtu wa kukataa mbegu. Mchana, malori yalipopungua, alitoboa lami kwa kijiti, ikatoboka kama udongo uliolowa, akapanda marando kutoka ukingo hadi ukingo. Majirani waliopita walimsalimu. Mmoja tu alimlaumu, kwamba hakuweka samadi.

Siku ya nne tuta lilikuwa limeumuka, majani yamelifunika. Dereva wa kwanza kulikuta, Chacha, alifunga breki, akashuka.

"Mama, za hapa? Tuta hili la nani?"

"Salama. La kilimo."

"Limeota lini?"

"Jumatatu."

Chacha akanunua matembele ya mboga, akapita taratibu, tairi baada ya tairi. Nyuma yake majani yakainuka.

Kesho yake Wema alivuka akitembea. Katikati ya barabara alisimama kufunga kamba za viatu, na lori likamsubiri. Mama Wema alicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Hakuwa amefurahi namna ile tangu amzae mtoto huyo.

Viazi vilipokomaa alivuna upande mmoja na kupanda upande wa pili, maana akivuna vyote lami ingelala tena. Kitongoji kizima kilikula michembe, viazi vilivyokatwa na kukaushwa.

Watu wa barabara nao walikuja, wakapima, wakaandika: "Ombi limeshughulikiwa na idara ya kilimo. Faili limefungwa."

Kitongoji cha mbele nacho kiliomba tuta. Mwezi wa saba huu hakijajibiwa. Jumamosi Mama Wema alikata marando, akajitwika fungu kumpelekea rafiki yake wa kitongoji hicho, Ghati, mwenye watoto watatu wa shule. Njia ya miguu inafuata upande wa huku, na nyumba ya Ghati iko ng'ambo. Huko tuta hakuna, kwa hiyo Mama Wema alisimama kando ya lami, mzigo kichwani, akaanza kuhesabu malori.