Bei Iko Kwenye Kifuniko

Siku ya thelathini na nane fundi alifika dukani na hasira zake, na hazikuwa hasira za asubuhi hiyo. Alikuwa akizibeba tangu siku ya kwanza, pale shemeji yake, mume wa marehemu dada yake na mwenye duka, alipoisogelea piano ya Mwalimu, akasoma maandishi ya dhahabu yaliyofifia kwenye kifuniko cha vibonye na kusema, "Jina gani hili? Mbona sijawahi kulisikia?" Hakubonyeza hata kibonye kimoja. Alichukua kadi akaandika bei ya kabati la nguo, tena kabati lililokwisha tumika.

Hatua tatu kutoka hapo ilisimama piano nyingine, ambayo fundi aliipachika jina la utani, Bwana Mkubwa. Chapa yake inajulikana hata na watu ambao hawajawahi kuona piano ana kwa ana. Kadi yake ilikuwa na bei ya gari. Lakini huko ndani, ubao unaoshika pini za nyuzi ulikuwa umepasuka mwanzo hadi mwisho, na pini zinacheza kama meno ya mtoto wa miaka sita. Fundi akizikaza nyuzi Jumatatu, Alhamisi zimelegea, na piano inalia kama droo ya vijiko. Alishamwambia shemeji yake, na si mara moja.

"Shemeji," yule bwana alimjibu huku akifuta vumbi lisilokuwepo, "mteja haoni ubao. Ubao uko ndani. Jina liko nje."

"Na masikio yako wapi?"

"Ya kwako au ya mteja?"

Walikuwa mashemeji, na mashemeji wana ruhusa ya kutaniana. Ila utani huo ulimkata fundi maini, maana kwake piano ya Mwalimu haikuwa bidhaa. Akiwa na miaka kumi na moja alikaa mbele ya vibonye hivyo hivyo, Mwalimu akimgonga vidole kwa penseli kila alipoharakisha. Mama yake alipokosa ada, Mwalimu alisema, "Mtoto aje tu." Baadaye, ufundi ulipomkaa mkononi, ni yeye aliyeibadilishia nyuzi zote na kuziwekea nyundo zake sufi mpya, Jumapili baada ya Jumapili, mwaka mzima. Aliijua kama mtu anavyomjua ndugu yake, pamoja na kikohozi chake. Hiyo ndiyo piano iliyopewa bei ya kabati, na hata kwa bei hiyo haikupata mtu. Walikuja watu wa ukumbi wa harusi, wakasoma kifuniko, wakasema watarudi. Walikuja watu wa kwaya, wakasoma kifuniko, wakaulizana kwa macho, wakasema watarudi. Hadi leo wanarudi.

Siku ya arobaini ilikuwa Ijumaa. Mwalimu alikuwa ameileta kwa mali kauli: iuzwe, ndipo apate chake. Isipouzwa kwa siku arobaini, duka liivunje, nyuzi na sufi ziwe vipuri, chuma kiende kwa kilo. Mzee alitia sahihi kwa sababu hakuwa na pa kuipeleka. Nyumba aliyoipanga miaka ishirini na sita ilikuwa imeuzwa, naye alikuwa anahamia kwa binti yake, ghorofa ya nne, kwenye chumba atakachogawana na mjukuu. Fundi mwenyewe alikaa juu ya duka la viatu, na ngazi za huko hata kitanda chake zilikikataa mpaka kilipokatwa miguu. Kwa hiyo ni Ijumaa. Na nani angeivunja? Duka lilikuwa na fundi mmoja tu.

Jumatano hiyo shemeji yake alimtaka azisafishe piano zote mbili za mbele. "Wanakuja watu wa shule. Ile shule kubwa yenye mabasi yake. Bwana Mkubwa leo anapata mchumba."

Fundi alivifungua vifuniko vya vibonye, akavilaza mezani nyuma ya duka, akavipaka nta. Vilikuwa na urefu mmoja, na matundu ya skrubu karibu yanalingana. Akavitazama hivi, kimoja kinasomwa na dunia nzima, kingine hakisomwi na mtu, na damu ikamchemka. Kisha akafanya jambo ambalo ni fundi tu angelifanya, kwa sababu ni fundi tu anayeamini kwamba watu hununua piano kwa masikio. Kifuniko chenye jina kubwa alikifunga kwenye piano ya Mwalimu, kile kisichojulikana akamfungia Bwana Mkubwa, na kadi za bei zikahama pamoja na majina. Hakutaka kumwibia mtu. Alitaka wasikilize kwanza, halafu awaambie, waone haya, wainunue piano ya Mwalimu kwa thamani yake. Ndivyo alivyopanga, maskini. Shemeji yake alipita mbele ya piano hizo mara mbili asigundue chochote. Naye alikuwa msomaji.

Mkuu wa shule alikuwa mama wa makamo aliyezoea kusikilizwa. Alifuatana na bwana mmoja aliyemtambulisha kuwa mtaalamu wake wa muziki. Mtaalamu akajitambulisha upya, safari hii akataja na chuo alichosomea.

Alianza na piano ya Mwalimu, kwani ndiyo iliyokuwa na jina. Akapiga kidogo, akafumba macho.

"Mnasikia?" alinong'ona. "Mnausikia huo uzito wa chini? Hawa watu hawajui kukosea. Hata ningefungwa kitambaa machoni ningeitambua."

Fundi alisimama kwenye mlango wa karakana, na kwa mara ya kwanza mwezi huo alitamani kucheka.

"Na ile?" Mkuu aliuliza.

Mtaalamu alimwendea Bwana Mkubwa, akasoma kifuniko, akakunja pua kabla hajakaa. Akapiga vibonye vitatu. "Kopo," alisema. "Haya ndiyo matokeo ya kununua kitu kisicho na jina."

"Ndiyo wahenga wakasema," shemeji akadakia, "kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

Hapo fundi akaingia katikati yao. "Hilo kopo ndilo lenye jina," alisema. "Vifuniko nimevibadilisha mimi leo asubuhi. Uliyoisikiliza umefumba macho ni hii ya bei ya kabati."

Hakungoja waulize. Aliufungua ubao wa mbele wa Bwana Mkubwa, akamulika tochi, akawaonyesha lile jina kubwa kwenye chuma chake, na juu yake ufa mrefu ambao kadi ya bei ingeweza kupenya. Mtaalamu alianza kutafuta kitu mifukoni mwake, asikipate. Fundi alitulia, akiwasubiri waone haya.

Mkuu wa shule hakuona haya hata chembe. "Kwa hiyo hii ndiyo yenye sauti," alisema akiigusa piano ya Mwalimu, "na ile ndiyo yenye jina."

"Ndiyo, mama."

"Basi nachukua hii. Na kifuniko kiacheni hapo hapo kilipo."

Fundi alidhani hakusikia vizuri. "Mama, hicho si chake."

"Dada yangu, piano hii itakaa pale mapokezi. Mzazi anapomleta mtoto kumwandikisha, unadhani anasikiliza? Mzazi anasoma. Akilisoma jina hilo, hata ada haulizi mara mbili. Nitalipa kama kadi inavyosema."

Shemeji nusura apige magoti. "Shemeji yangu, kumbe una akili kiasi hiki na umejificha tu huko nyuma!"

"Huo ni uongo," fundi alisema.

"Uongo gani?" shemeji alisema. "Anadanganywa nani, na mnunuzi mwenyewe anajua? Tena mali si yako, ni ya Mwalimu. Na aulizwe mwenyewe."

Mwalimu hakukaa mbali. Alifika kwa miguu kabla ya nusu saa, shati limefungwa vifungo hadi shingoni. Shemeji alimweleza haraka haraka, asimwachie fundi nafasi ya kuchomeka neno. Mzee aliinama akakisoma kifuniko, akasoma na kadi. Fungu lake katika bei hiyo lingempangia chumba chake mwenyewe, chini, bila ngazi. Kila mtu pale aliliona hilo likipita usoni mwake.

"Kiacheni kikae," alisema.

"Mwalimu! Hata wewe?"

"Mwanangu, jina halina vidole. Watakaoipiga ni watoto. Ama unataka Ijumaa uivunje, ili tumkomoe nani?"

Fundi alikuwa na hasira na kila mtu humo ndani, na zaidi na huyu mzee, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Akajilazimisha. Piano itabaki nzima. Mwalimu atalala kwenye chumba chake. Yeye atafunga mdomo, basi.

Ndipo Mwalimu akamgeukia Mkuu wa shule, mikono ameikunja mbele, kwa adabu. "Na watoto wanafundishwa na nani, mama? Mimi naweza kuja hata siku mbili kwa wiki. Naijua hii, ina vibonye viwili vinavyotaka kubembelezwa. Mnipe nauli tu."

"Umesomea wapi, mzee wangu?"

Mwalimu akakitaja chuo chake. Mkuu akamtazama Mtaalamu. Mtaalamu akapandisha mabega. "Sijawahi kukisikia," alisema.

"Utanisamehe, mzee wangu," Mkuu alisema kwa upole, na upole huo ndio uliokuwa mbaya zaidi. "Tunatafuta mwalimu mwenye jina."

Mwalimu akatabasamu. Fundi alilijua tabasamu hilo tangu utotoni. Kwa sababu ya chuo hicho hicho mzee huyu alifundisha miaka thelathini na moja kwa mshahara wa msaidizi, akawafundisha hata waliokuja kuwa wakubwa wake, na kila mwaka alipoomba kupandishwa cheo alirudi nyumbani na tabasamu hilo. Fundi alikuwa amevumilia siku thelathini na nane. Hili hakuliweza.

"Hamjamsikia hata akibonyeza kibonye kimoja!" alifoka, na watu wawili waliokuwa wakipita nje wakasimama. "Kimoja! Huyu bwana amefumba macho hapa kwa piano ambayo mimi nimeifunga nyuzi na huyu mzee ameitunza, akaiita kila jina isipokuwa la kwake. Sasa mnataka sauti bila mwenyewe! Basi ngojeni. Stoo kuna vifuniko tele. Nikatafute kimoja chenye jina, nimfungie Mwalimu kifuani kwa skrubu, ndipo mtamsikia?"

Fundi alichukua bisibisi akaanza kuifungua skrubu ya kwanza ya kifuniko kile.

"Shemeji!" mwenye duka alipiga kelele. "Ukikitoa hicho, biashara imekufa. Na Ijumaa utaivunja mwenyewe, kwa mkono wako!"

Bisibisi ikasimama. Hicho kilikuwa chumba cha Mwalimu, usingizi wa Mwalimu, si wake. Akamgeukia mzee. Lile tabasamu lilikuwa limeondoka, na chini yake kulikuwa na uso ambao katika miaka yote hiyo fundi hakuwahi kuuona, uso wa mtu aliyekasirika kweli kweli. Mzee alikuja upande wa pili wa piano, akakishika kifuniko kisianguke.

"Fungua, mwanangu," alisema. "Nimekishika."

Shule ilimchukua Bwana Mkubwa kesho yake, na jina lake limerudishwa mahali pake. Mtaalamu alikuwa ameupima ufa upya akaona unavumilika.

Ijumaa fundi aliivunja piano ya Mwalimu. Piano haivunjwi kwa nyundo kama ukuta. Inabidi kila uzi ulegezwe kidogo kidogo, huku na huku, la sivyo chuma kinaruka na kumuumiza mtu. Ni kazi ya siku nzima, nayo inamlazimu fundi kuugusa kila uzi alioufunga. Mwalimu alikuja bila kuitwa, akavuta kigoda, akashika bakuli la bati la kutilia pini. Fundi alilia, na hakujificha, wala hakikuwa kilio cha huzuni. Alikuwa anawachukia watu kwa majina yao na kwa vyeo vyao, na mikono ikaendelea kulegeza.

Alasiri shemeji yake aliingia na simu mkononi. "Shule wanalalamika," alisema. "Piano imelegea, hata wimbo wa wageni haukufika mwisho. Kesho uende ukaikaze."

"Waambie waisome."

"Shemeji, huu si wakati wa utani."

"Sikutanii. Mimi siendi kesho, wala kesho kutwa, wala kazini kwako sirudi. Waisome."

Shemeji alimtazama Mwalimu, labda mzee angesema neno la busara. Mwalimu hakuinua macho. Mwenye duka akatoka na simu yake. Zilikuwa zimebaki nyuzi sitini na kitu. Mwalimu akalisogeza bakuli karibu, na fundi akaishika pini iliyofuata.