Anga la Tarehe Kumi na Moja Mei

Mzee Wechuli alistaafu akiwa na mguu mmoja usiomtii. Kwa miaka thelathini alikuwa amefanya kazi katika kituo kidogo cha hali ya hewa kando ya ziwa, akipima mvua na upepo na kuandika mawingu daftarini. Bintiye Sylvia, fundi wa kompyuta pale Otonglo, alimwekea kwenye kompyuta kuukuu mchezo wa kurusha ndege, ule unaoonyesha ardhi na anga kama za kweli, ili asishinde akiongea na kuku.

Mzee akaupenda. Kila siku baada ya chai alipaa kutoka Kisumu, akazunguka juu ya ghuba, akarudi. Tatizo lilikuwa saa. Siku moja aliruka saa nne asubuhi akatua saa tatu na nusu.

"Baba, umefika kabla hujaondoka!" Sylvia alicheka.

Siku nyingine jua lilichomoza magharibi, upande wa Uganda. Mara mchezo ukaandika tarehe ishirini na tisa Februari, katika mwaka ambao Februari iliishia ishirini na nane. Mzee alikagua kalenda ya ukutani akacheka mpaka machozi. Sylvia alisema ni betri ndogo ya ndani imechoka, angeleta nyingine.

Kabla hajaileta, tarehe ikaruka tena. Kwenye pembe ya kioo palisomeka: Mei 11, 1998.

Wechuli hakucheka. Alibadilisha tarehe, akapaa upya. Alipofika juu ya maji, ikarudi ileile. Akazima kompyuta, akaiwasha baada ya chakula cha mchana. Ikarudi. Saa ya mchezo ilisema saa tisa na dakika ishirini alasiri, na kutoka upande wa Homa Bay lilikuwa linakuja wingu jeusi, limeinama hadi majini. Ndege ikatikisika. Maji yakageuka rangi ya risasi, kisha hayakuonekana kabisa. Spika zilinguruma kwa upepo, ilhali nje ya dirisha jua lilikuwa kali na nguo zimetulia kwenye kamba.

Sylvia aliingia akasimama nyuma yake. "Labda imechukua rekodi za hali ya hewa za siku hiyo. Huwa inafanya hivyo."

"Rekodi za siku hiyo niliandika mimi," Wechuli alisema. "Niliandika anga safi."

Sylvia akaketi, akaiweka tarehe hiyo kwa mkono wake mwenyewe. Ziwa likatokea shwari, anga la buluu, bila hata kipande cha wingu. Akajaribu mara tatu. Shwari. Akachomoa waya ukutani, ingawa hakuna aliyemwambia.

Ndipo baba yake akamweleza. Siku ile rafiki yake Dalmas, aliyekuwa akiuza samaki, alipita kituoni kuuliza kama ziwa litamruhusu avuke kwenda Kendu Bay. Alikuwa na cherehani aliyomnunulia mkewe. Wechuli alikuwa amejilaza kwenye benchi. Hakutoka nje. Alinakili maneno ya jana yake, akamwambia, "Ni safi, nenda." Mashua ilipinduka. Dalmas alipatikana siku ya tatu.

"Na hukuwahi kumwambia mtu, Baba?"

"Wewe ndiye wa kwanza."

Jumamosi walikwenda Katito kwa Dorca, mjane wa Dalmas. Walimkuta barazani akishona sare ya shule kwa mkono. Wechuli alikataa kuketi.

"Mama Byron, mimi ndiye nilimwambia mume wako avuke," alisema, na akamweleza yote, hata benchi.

Dorca aliendelea na pindo mpaka likaisha. Akakata uzi kwa meno.

"Watu wa ufuoni waliniambia walimzuia," alisema. "Wingu waliliona. Yeye alicheka tu, akasukuma mashua. Hakusema ni kwa nini. Miaka hii yote mimi nimemkasirikia. Nilisema, huyu aliniacha na watoto wanne juu ya kiburi. Mjukuu alizaliwa, nikakataa apewe jina lake." Akachomeka sindano kwenye kitambaa. "Kumbe alikuwa amekuamini wewe."

"Nisamehe, Mama Byron."

"Leo siwezi. Kwanza wapigie watoto wake simu. Wajue baba yao hakuwa mkaidi."

Byron, kifungua mimba, alisikiliza mpaka mwisho, akakata simu. Atieno, wa pili, alilia. Alipotulia aliuliza jambo moja tu: "Wakati anakuuliza, lile wingu lilikuwa limeshaonekana?"

Wechuli alitamani kusema hapana.

"Sijui, binti yangu," alisema. "Sikutoka nje kuangalia."

Bado alikuwa amesimama kwa mguu wake mbovu. Dorca alimsukumia kiti, akangoja hadi akae, kisha akaanza kumsomea namba ya mtoto wa tatu.