Posa ya Mchezaji wa Kumi na Mbili

Kocha Pandu hakuwa na kimo, hakuwa na msaidizi, hakuwa na filimbi ila moja iliyolia kama birika, na hakuwa na unywele hata mmoja kichwani. Miaka kumi na tisa alikuwa kaimu kocha wa mpira wa kikapu, timu ya wanawake, katika chuo kimoja upande wa Clairwood. Sasa mkuu wa chuo alimwahidi ukocha mkuu kwa sharti moja: Ijumaa saa sita mchana barua yenye majina kumi na mawili iwe imetumwa kwenye ligi, la sivyo timu ivunjwe. Alikuwa nayo kumi na moja.

La kumi na mbili lilikuwa Laetitia, mwanafunzi wa uhasibu, mrefu kiasi cha kubadilisha taa ya darasa bila kupanda kiti. Mwenyewe alitaka. Lakini mechi ni Jumamosi, na Jumamosi Laetitia husuka nywele katika saluni ya mama yake, Immaculée.

Jumatano Pandu alisimama mlangoni pa saluni kwa mara ya tatu.

"Papa Kocha, unaomba mtoto kama mtu anaomba moto kwa jirani," Immaculée alisema huku akisuka.

Mteja wake akacheka. "Iko posa ama iko mpira?"

"Mpira, mama. Mke ninaye."

"Hata mpira," alisema Immaculée. "Binti anaombwa kwa barua. Na barua iseme Jumamosi yangu itakuwaje. Ule mtoto ndiye anavuta wateja."

Nyumbani Pandu alijaza kurasa mbili kuhusu afya na nidhamu. Mkewe, Doris, alizisoma akazirudisha mezani.

"Hii hotuba. Mwenzio ana saluni, wewe unampa nidhamu. Wachezaji wako wanasuka wapi?"

"Kila mtu na kwake."

"Vichwa kumi na moja, Pandu."

Pandu akampigia nahodha wa timu kumuuliza kama wote wangekubali kusukwa saluni moja. "Sharp, Coach," nahodha akajibu, na wenzake wakakubali.

Basi akaandika upya: timu nzima, vichwa kumi na moja, itasukwa kwa Mama Laetitia siku za katikati ya wiki, na kocha, kwa kuwa hana cha kusukwa, atafagia.

"Hapa nyumbani ufagio huujui," Doris alisema.

"Nitaanza kama kaimu."

Ijumaa asubuhi Doris, akiwa ndiye mshenga, aliifunga barua katika leso akaenda nayo, mumewe nyuma yake. Immaculée aliisoma kwa sauti mbele ya wateja, akarudia mahali pa vichwa kumi na moja, kisha akamkabidhi Pandu ufagio.

"Ingia ndani, Papa. Anza na ile kona. Mtoto atacheza."

Alifagia ile kona yote. Halafu akaitoa mfukoni barua ya ligi na, juu ya kaunta ya saluni, akaliandika jina la Laetitia chini ya yale mengine kumi na moja. Kwenye sahihi aliandika "Kaimu" kwa mazoea, akalikata, akaandika "Kocha Mkuu". Akailamba bahasha, akaibana kwa kiganja, na saa tano na nusu Doris akapanda nayo taxi kwenda ofisi ya ligi.