Nyumba Zilizomtafuta Mchoraji

Jumanne saa nne asubuhi dada mkubwa alikuwa akichonga penseli yake ya tatu wakati nyumba ya mwalimu mstaafu ilipoingia mtaani, ikasimama mbele ya ofisi. Mwalimu alikuwa varandani, kikombe cha chai amekishika kwa mikono miwili kwa sababu ya mtikisiko.

“Mlango wa jikoni unagoma,” alisema. “Na nyumba inamtaka aliyeichora.”

Ofisi ile ya usanifu majengo aliianzisha babu, akamwachia baba, na baba alikuwa akimwandaa mwanawe wa kiume, kitinda mimba. Desturi yao ilikuwa moja: kwenye kisanduku cha pembeni mwa ramani, mahali pa mchoraji, huandikwa mwanamume wa ukoo. Dada mkubwa alikuwa amechora miaka kumi na mmoja. Jina lake halikuwahi kuandikwa hata kwenye ramani ya choo.

Baba akatoka, akajitambulisha. Nyumba haikumsikiliza. Kitinda mimba akaionyesha saini yake. Nyumba ikafunga madirisha. Ndipo dada akatoka, penseli sikioni, akaweka kiganja ukutani. Mlango wa jikoni ukafunguka, nyumba ikageuka taratibu, ikarudi kwenye kiwanja chake. Mwalimu akapunga mkono.

Kufikia Alhamisi nyumba zilizokuja zilikuwa kumi na tisa, pamoja na duka moja la dawa. Trafiki alizipanga foleni upande wa kushoto, magari yapite. Aliyenung’unika ni fundi viatu peke yake, kwamba zinamzibia jua. Dada alizihudumia moja moja, mgongo ukimuuma, mwanawe mchanga akiwa amelala kwenye droo ya ramani.

Jioni akatandaza mezani ramani ya zahanati ya wazazi, iliyotakiwa kupelekwa kesho yake. Aliichora akiwa mjamzito. Kila korido aliipima kwa kuitembea mwenyewe, mkono kiunoni.

“Baba, hii moja tu. Niandike mimi.”

Baba alitazama foleni dirishani. Alikuwa amechoka, naye.

“Mama, mtaa mzima umeshajua ni wewe. Kuandika tena kwa nini?”

“Kama wameshajua, nikiandika kutaharibika nini?”

Baba akasema jina lake ni la kwa mumewe sasa, na ile meza ni ya ukoo. Hakupandisha sauti. Akamsogezea kitinda mimba kalamu.

Kitinda mimba aliikagua ile karatasi kwa muda.

“Dada, juu ni wapi?”

“Geuza.”

Akageuza, akasaini.

Baba alikuwa ameshaamua kwamba kuanzia wiki ijayo nyumba zitapokelewa Jumanne na Alhamisi tu. Akamwomba dada aandike tangazo la kubandika mlangoni, kwa kuwa ndiye mwenye mwandiko mzuri.